Konokono wa Nne

"Hivi, jirani, yule shemeji yako huwa anabeba nini kila akitoka kwako?"

Jirani alilitupa swali hilo juu ya ukuta, mikono imejaa nguo mbichi na kibanio kimebanwa kwenye meno, kwa hiyo maneno yalitoka yamepinda, lakini yalifika. Mtaani alikuwa akiitwa Redio, wala hakulichukia jina. Alisema redio angalau ina watu wanaoisikiliza. Upande wa pili wa ukuta Mama Cherehani alikuwa anaanua shuka. Akajibu kwamba shemeji yake ni fundi, na fundi hatoki kazini mikono mitupu.

"Fundi hutoka na begi," Redio akasema. "Huyu anatoka na kitu amekiviringisha kwa fulana kuukuu, amekikumbatia kama kichanga. Mimi sisemi kitu, dada. Nimeuliza tu."

Anayesema hasemi kitu ndiye aliyekwisha kusema yote. Mama Cherehani aliingia ndani na shuka zake, akazikunja, akazikunjua, akazikunja tena.

Hakuwa mwanamke wa kupeperushwa na kila upepo. Ujane ulimkuta bado ana nguvu, darasa la saba ndiyo shule yake yote, na cherehani ya miguu ndiyo iliyomlea mwanawe mpaka akaota ndevu. Alikuwa mtu wa sala na mtu wa macho: alisali kwa wakati, na baina ya sala na sala aliangalia. Dirisha la chumba chake cha kushonea lilitazama uani. Uani palikuwa na banda la mabati, na ndani ya banda palikuwa na ndege.

Si picha ya ndege, wala si mchezo wa watoto. Ndege nzima ya mtu mmoja, yenye mkia na magurudumu. Mwanawe, aliyeitwa Mwewe tangu enzi za kupanda mapaa ya watu, alikuwa anaiunda kwa mikono yake kila akirudi kutoka kwenye kazi yake ya kutengeneza pampu za maji. Mifupa ya mabomba ilichomelewa na Cheche, mdogo wake marehemu mumewe. Nguo ya mabawa aliishona Mama Cherehani mwenyewe, mishono miwili miwili, kisha ikapakwa dawa hadi ikakaza kama ngozi ya ngoma. Watu wa mtaani walikuja kuchungulia, wakacheka, wakaenda zao. Baadaye akaja mkaguzi wa ndege na tai shingoni, akagonga hapa, akavuta pale, akalala chali chini ya tumbo la ndege na suruali yake safi, akainuka na vumbi mgongoni na kutoa ruhusa ijaribiwe. Tangu siku hiyo vicheko viliisha.

Jumamosi Mwewe angeruka. Angeruka peke yake, kwa kuwa kiti ni kimoja.

Kilichomnyima mama yake usingizi hakikuwa mabawa. Mabawa aliyashona yeye, na mshono wake aliujua. Kilikuwa konokono.

Injini ile ilitoka kwenye gari dogo la mashindano lililopinduka, nayo haikuwa injini ya pistoni kama za watu. Mwewe alimweleza mama yake siku moja kwa kutumia sufuria na kipande cha sabuni alichokikata pembe tatu: hakuna kinachopanda na kushuka humo ndani, kuna pembetatu nene inazunguka kwenye chumba chake, basi. Inaitwa injini ya rota. Ni nyepesi, haitetemeki, inaifaa ndege. Ubaya wake ni moto. Moshi unaotoka humo unachoma kuliko wa injini za kawaida, mpaka bomba la eksozi linaiva likawa jekundu kama kaa. Na kwa kuwa mji wao uko juu, penye hewa nyepesi, injini ilihitaji kusaidiwa kuvuta pumzi. Msaada huo ndio turbo: chuma kilichojikunja kama konokono, ndani yake mna vigurudumu viwili kwenye mhimili mmoja. Moshi unakizungusha kimoja, na kingine kinaisukumia injini hewa. Mama Cherehani alikiita konokono, na jina likakaa.

Konokono wa kwanza alikufa. Wa pili akafa. Wa tatu alikufa akitoa moshi wa bluu uliojaza ua mzima, Redio akafunga madirisha yake na kukohoa kwa sauti ya kusikika. Kila mmoja alifika mzima, akafanya kazi siku kadhaa, kisha akaanza kulia kama mbwa aliyefungiwa nje, akaisha. Na kila mmoja aliletwa na Cheche, akafungwa na Cheche, na alipokufa alifunguliwa na Cheche, akaviringishwa kwenye fulana na kutolewa kabla mtu hajamtazama vizuri.

Sasa walikuwa wamefika kwa wa nne.

"Hawa konokono wanakufa kwa nini?" Mama Cherehani alimuuliza mwanawe asubuhi moja, anamwekea chai mbele.

Mwewe alikuwa anamenya waya kwa kisu kidogo. Hakuinua macho. "Vyuma vya mtumba, mama. Huwezi kujua vilikotoka vilipigwa namna gani."

"Anayevileta ni nani?"

"Baba mdogo."

"Na vyote vibovu."

"Vyote havidumu," Mwewe akasema, akainuka na chai haijafika nusu.

Mama aliona anavyokwepesha macho. Mtoto uliyemlea mwenyewe hafichiki kwako. Unajua anapolikwepa jambo. Akajiambia: huyu anamsitiri baba yake mdogo. Anajua kitu, na heshima imemfunga mdomo.

Kuanzia hapo alianza kuunganisha vipande, kama anavyounganisha suruali. Kipande cha kwanza kilikuwa cha zamani. Baada ya mazishi ya mumewe ndugu walikaa kikao hapo hapo sebuleni, na mmoja wao akasema kiwanja hiki ni cha ukoo, mjane akae tu kwa hisani. Wengine walibisha. Cheche hakubisha wala hakuunga mkono. Alikaa anakwangua lami iliyoganda kwenye kiganja chake. Wazo lile lilikufa lenyewe, lakini kimya cha siku ile Mama Cherehani hakukisahau. Cheche ni jina la utani. Mtu mwenyewe hana cheche hata moja. Ukimsalimu asubuhi, jibu unalipata mchana.

Kipande cha pili: siku hizi yeye akiingia bandani na birika, maneno ya wale wawili yanakatika kama uzi uliooza. Cheche anajifanya anatafuta spana iliyo mkononi mwake. Mwewe anasema, "Ahsante, mama," mara mbili, kama mtu anayefunga mlango na kuusukuma tena kuhakikisha.

Kipande cha tatu alikisikia kwa masikio yake, anapita na ndoo nyuma ya banda. Cheche alikuwa anasema, "Jumamosi usiruke. Ahirisha."

Na Mwewe: "Kibali kina tarehe yake, baba mdogo. Nikiahirisha naanza upya."

"Basi anza upya."

Mama Cherehani alimpelekea Redio maneno hayo, kwa sababu moyo ulikuwa umejaa na ukuta ulikuwa karibu. Redio aliyapokea kwa mikono miwili.

"Anayejua shimo lilipo ndiye anayekuambia usipite," akasema. "Dada, mimi simsemi mtu. Lakini mwanao akianguka, kile kiwanja kinarudi kwa nani?"

"Hayo ni maneno makubwa."

"Ndiyo maana nayasema kwa sauti ndogo."

Saa kumi ilipofika alivuta pazia la chumba chake, banda likanyamaza, naye akapiga magoti. Alimwomba Mungu amwonyeshe. Na kama hataki kumwonyesha, basi amzibe macho kabisa, maana kuona nusu-nusu kunachosha kuliko upofu. Alipoinuka magoti yalimuuma, na bado alikuwa anaona nusu-nusu.

Jumatano mchana Cheche alitoka bandani amekumbatia fulana. Ndani yake mlikuwa na konokono wa tatu, aliyekuwa amefichwa chini ya benchi tangu afe. Mama Cherehani aliacha shati la mteja na sindano yake ndani ya kola, akajitanda mtandio, akamfuata.

Kumfuata Cheche si kazi. Mtu anatembea kama anapima barabara. Alipita penye mafundi wa viatu, akapita duka la magodoro, akaingia kwenye kichochoro cha wauza spea, ambako kuta zote zimepakwa mafuta ya mikono. Akasimama kwenye chumba chembamba kama korido. Rafu zilijaa makonokono ya kila ukubwa, yamepangwa midomo nje kama makinda yanayodai chakula. Mwenye chumba alikuwa mzee wa miwani minene, na kwa hiyo jina lake lilikuwa Miwani.

Mama Cherehani alijibanza kwenye kibanda cha muuza betri. Aliona fulana ikifunguliwa. Aliona vichwa viwili vikiinama, kidole cha Miwani kikiingia ndani ya chuma na kutoka cheusi. Miwani akaongea maneno mengi. Cheche akatikisa kichwa, kisha akasogea karibu na kusema neno moja au mawili, huku ametupia jicho barabarani. Miwani akampa mkono, kama watu wanaopatana. Cheche akaondoka na boksi dogo kwapani, lenye sili za akiba, zile za kuzuia oili isivuje. Lakini Mama Cherehani alikuwa haoni kilichomo, aliona boksi.

Alisubiri mgongo wa shemeji upotee, akaingia.

"Karibu, mama. Gari gani?"

"Sina gari. Mimi ni shemeji wa huyo aliyetoka."

Miwani alimtazama, kisha akatazama rafu zake kama anayetafuta msaada. "Ahaa. Mama wa rubani."

"Amekuletea nini?"

"Aliyekufa."

"Na yule wa wiki iliyopita alimtoa hapa?"

"Hapa hapa. Ndani ya boksi lake, hajaguswa na oili."

"Sasa hao wafu wanauawa na nini?"

Miwani alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, na miwani haikuwa chafu. "Hilo, mama, muulize shemeji yako. Ameniomba nisilizungumze."

"Usilizungumze na nani?"

"Na mtu wa nyumba ile." Akairudisha miwani usoni. "Na mtu wa nyumba ile ni wewe. Nisamehe. Mwanamume akishampa mwenzake mkono, basi."

Alirudi nyumbani bila kuona njia. Kama neno ni la heri, kwa nini lifichwe kwa mama mwenye mtoto? Njia nzima alijiuliza hilo, na kila alipojiuliza jibu lilikuwa lile lile. Kuna kitu Cheche anakifanyia chuma kile kati ya kichochoro na banda. Anachukua kizima, anafunga kibovu. Au anafunga kizima na kukiharibu. Kikulacho ki nguoni mwako. Na mtoto, kwa adabu yake ya kijinga, anajua, na atapanda hivyo hivyo.

Usiku hakumwambia mtu. Alhamisi hakumwambia mtu. Redio alikohoa ukutani akitafuta habari, akajibiwa kwamba jua ni kali.

Ijumaa Mwewe na Cheche walikuwa wote wawili bandani mapema mchana. Lori la kubeba ndege kwenda kwenye uwanja wa zamani nje ya mji lingekuja jioni. Mabawa yalikwisha kufunguliwa na kulazwa ukutani, na ile ndege bila mabawa ilikuwa inafanana na panzi aliyenyofolewa na watoto. Mwewe alikuwa anafunga kamba. Cheche alikuwa amechuchumaa mbele ya injini, anapitisha mkono kwenye kila nati.

Mama Cherehani aliingia bila birika. Hilo peke yake liliwafanya wageuke.

"Shemeji," akasema, "naomba unifungulie huyo konokono."

"Nimfungue?"

"Umtoe. Nimwone."

"Mama," Mwewe akaingilia, "lori linakuja. Kila kitu kimekwisha kukazwa."

"Nimesema na baba yako mdogo." Hakumtazama mwanawe. "Shemeji, nilikufuata Jumatano. Nilikuona kwa Miwani mnanong'ona. Nilimuuliza, akaniambia umemfunga mdomo asiniambie mimi. Mimi, si mtu mwingine. Sasa nakuuliza mbele ya mtoto wa ndugu yako: mwanangu unamfungia nini humo?"

Cheche alibaki amechuchumaa. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeguswa na waya wa umeme na bado hajajua ni waya.

"Hakuna ninachomfungia," akasema.

"Watatu wamekufa mikononi mwako. Watatu. Ukawatoa kwa fulana nisiwaone. Na tangu ile siku ya kikao nilijua iko siku utazungumza, ila sikujua utazungumza kwa chuma." Sauti yake haikupanda, ilikuwa sauti ile ile anayomwambia mteja kwamba kitambaa hakitoshi. "Ukiitaka nyumba ya ndugu yako, niombe. Nitafunga virago vyangu nikuachie. Mwanangu usiniangushie kutoka juu."

Kamba ilimponyoka Mwewe ikaanguka chini. "Mama, acha. Tafadhali acha."

"Kwa nini niache?"

Mwewe aliinama kuiokota kamba.

Cheche aliinuka polepole, magoti yakilia. Alimtazama shemeji yake kwa muda, kisha akamtazama kijana kwa muda mrefu zaidi. Akachukua spana.

"Siku hizi tatu zote nimekuwa nikimwambia tufungue tuone kabla hajaruka," akasema. "Juzi nilimwambia. Jana nilimwambia. Haya, shemeji, wewe umeweza. Tufungue."

Kazi ile ilichukua muda wake. Alitoa bati la kukinga joto, akatoa mabomba ya oili, na kila bolti aliipanga juu ya gazeti kwa mstari, kama mtu ambaye baadaye ataulizwa. Banda lilikuwa na joto la mabati. Mama Cherehani alisimama mlangoni, mikono imefungwa kifuani, midomo inatembea kidogo. Alikuwa anasali, lakini macho hayakuondoka kwenye vidole vya Cheche. Mwewe aliketi juu ya debe la rangi, na jasho lilikuwa linamtoka kuliko la anayefanya kazi.

Konokono akatoka. Cheche alimweka juu ya benchi, akatia kidole kwenye kigurudumu na kukisukuma.

Kigurudumu kizima kinazunguka chenyewe kama pia, mpaka ukisimamishe. Hiki kilikwenda robo, kikakwaruza, kikasimama.

Cheche alisukuma tena, kana kwamba mara ya kwanza kidole ndicho kilichokosea. Kikakwaruza tena. Akageuza chuma, akachokoa kwa bisibisi tundu la kupitishia oili. Uchafu mweusi ukadondoka juu ya gazeti, mkavu, kama ukoko wa sufuria iliyosahaulika motoni.

"Umeona?" Mama Cherehani akasema. Akashika mlango. "Umeona mwenyewe. Kibovu. Kesho mwanangu angepanda na hicho."

Lakini Cheche hakuwa anamsikiliza. Uchafu ule alikuwa ameuchukua kwenye ncha ya kidole, anausaga, anaunusa, na ilionekana wazi kwamba hakutarajia kuukuta mwingi hivyo.

"Huyu nilimtoa kwenye boksi," akasema. Alikuwa anazungumza na Mwewe. "Nilimweka hapa hapa. Ukamzungusha wewe kwa mkono wako, akazunguka mpaka tukacheka. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, baba mdogo."

"Na nikakuambia nini siku ile?"

Mwewe alilisogeza debe lake nyuma kidogo.

"Mwambie mama yako nilikuambia nini. Anataka kujua. Ana haki."

Mwewe aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Alipoanza kusema, alisema na sakafu.

"Konokono anaelea kwenye oili. Injini ikienda, oili inapita, inampoza. Injini ikizimwa, oili inasimama. Kama ameiva, mwekundu, ile oili iliyobaki ndani inaungua inakuwa mkaa. Kila ukizima hivyo, mkaa unaongezeka. Ukitaka asife, ukimaliza kuipiga injini kwa nguvu unaiacha iungurume taratibu dakika kama tano, apoe, ndiyo uzime. Na hii ya rota ndiyo inataka zaidi, kwa ule moto wake."

"Basi kwa nini huiachi?" mama yake akauliza.

Mwewe aligeuza kichwa kidogo kuelekea dirisha la nyumba, akarudisha macho chini.

"Nikirudi kutoka kazini, muda wa kuijaribu ni ule ule mmoja, na ndio wa sala yako," akasema. "Ukivuta pazia, mama, nazima. Hapo hapo, vyovyote ilivyo. Marehemu baba alikuwa anazima hata msumeno wake wa umeme ukiwa katikati ya ubao. Sikuweza kukaa naunguruma nawe unasali."

Mama Cherehani alikuwa kama mtu aliyepewa mzigo bila kuambiwa uzito wake. "Kwa hiyo ni mimi," akasema taratibu.

"Si wewe. Ni mimi."

"Ulishindwa kuniambia? Mtoto wewe, ningesali chumba cha mbele. Ningesali nusu saa baadaye. Ningesali na hiyo kelele masikioni. Mungu si kiziwi. Neno moja tu. Nilikuuliza, kwa mdomo wangu, na chai nimekuwekea, ukaniambia vyuma vya mtumba."

"Niliogopa utaona nakulaumu kwa ibada yako."

"Ukaona afadhali alaumiwe nani?"

Wote watatu walijua swali hilo lilikuwa limeelekea wapi.

"Baba mdogo aliniambia nikuambie," Mwewe akasema, na sasa sauti ilikuwa inakatika. "Yule wa kwanza tu alipokufa. Nikamwomba asikwambie, nikamwambia nitakwambia mwenyewe. Alipokufa wa pili nikamwapia nitaiacha ipoe. Alipokufa wa tatu nikamwapia tena. Yeye mchana anakwenda kwenye kazi zake, haoni ninavyozima. Kila nilipowasha nilisema leo nitaiacha. Halafu pazia." Akajipangusa uso kwa kiwiko. "Alikuwa anawatoa kwa fulana ili usiulize. Miwani naye alimnyamazisha kwa sababu hiyo hiyo. Alisema si vizuri maneno hayo yakufikie kutoka kichochoroni, yatoke kwangu."

Mama Cherehani alitazama chuma kile juu ya gazeti. Aliuliza, kwa kuwa lazima aulize, "Kesho kingefanya nini?"

Cheche ndiye aliyejibu, bila kugeuka. "Kingekatika. Oili yote ya injini ingemwagika juu ya bomba jekundu."

Hakukuwa na haja ya kuongeza. Yeyote aliyewahi kumwaga mafuta jikoni angemalizia mwenyewe. Mwewe aliziba uso kwa mikono miwili.

Ikampitia Mama Cherehani akilini kwamba ombi lake lilikuwa limejibiwa. Aliomba aonyeshwe, na ameonyeshwa. Mwanawe yuko hapa, mzima, ameketi juu ya debe la rangi, na kesho hataruka. Lakini alikuwa ameletwa kwenye ukweli kwa njia ya uongo alioushona mwenyewe, na mtu aliyemshonea alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, anafuta vidole kwa tambara, kimoja kimoja.

"Shemeji," akasema.

Cheche aliendelea kufuta.

"Shemeji, nimekusemea maneno ambayo sikuyajua. Nimeyasema mbele ya mtoto. Niambie nilipe vipi, nami nitalipa. Nitakwenda kwa ndugu wote, mlango kwa mlango, niseme nilikosea."

"Baba mdogo," Mwewe naye akasema, "mimi ndiye. Nipige ukitaka."

Cheche alilitua tambara juu ya benchi, kando ya konokono. Akachukua bolti zilizokuwa zimepangwa kwenye gazeti, akazitia kwenye kopo lake la maziwa, akafunga mfuniko, ili zisipotee. Akashusha kofia yake ya kuchomelea kutoka kwenye msumari, akaitia kwapani. Akavuta glavu zake kutoka chini ya kiti cha rubani, zilipokuwa zimesahauliwa tangu wiki iliyopita. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa banda, ule aliopewa na kaka yake kwa mkono wake siku za ugonjwa, akauweka juu ya gazeti mahali bolti zilipokuwa.

Nje lori lilikuwa limefika, dereva anapiga honi getini na kuuliza kama mzigo uko tayari.

Mama Cherehani alisogea akasimama mlangoni kabisa, si kwa kuzuia, ila kwa kuwa hakujua pengine pa kusimama. Cheche alipofika hapo alisimama, akangoja. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama anavyotazama kiungo kilichovunjika mara ya pili mahali pale pale, anapopima kama chuma kilichobaki kinatosha kushika. Mama Cherehani akapisha.

Akatoka, akapita kando ya lori, akaenda zake.